AFYA YA TUMBO NI HAZINA YA CHAMA

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi)



Wenzangu waliotangulia wameeleza vizuri habari za bei, za mizani, za mikopo na za gari letu jipya. Mimi nimepewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa kila mwaka tumelilipia. Jambo lenyewe ni maradhi ya tumbo. Najua kwamba haya si mazungumzo ya sherehe, na huenda wengine wataona haya kuyasikia wakati pilau ingali jikoni. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Chama hiki kilizaliwa mwaka 2015. Mwezi Agosti wa mwaka ule ule kipindupindu kilizuka hapa Dar es Salaam, na wagonjwa wa kwanza walionekana Kinondoni. Kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimeenea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kuvuka mpaka Zanzibar. Hata ilipofika katikati ya mwaka 2016, watu zaidi ya 20,000 walikuwa wameugua, na mamia walikuwa wamekufa. Wala haikuwa mara ya kwanza, maana mwaka 1997 peke yake nchi yetu ilihesabu wagonjwa zaidi ya 40,000. Waanzilishi wetu wanakumbuka jinsi makapu ya matembele yalivyorudi kutoka sokoni yakiwa yamenyauka, kwa kuwa wanunuzi waliogopa. Basi chama kilianza safari yake kikiwa na adui mlangoni, na adui huyo hajaondoka.

Ndugu zangu, naomba radhi nianze na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wetu wa nne, wakati wa masika, mama mmoja wa upande wa bonde la Kizinga hakuleta mchicha kituoni kwa majuma mawili. Masharti yetu yasema kwamba mwanachama asiyetimiza ahadi ya mauzo bila taarifa aandikiwe onyo. Mimi, kwa bidii ya kazi, niliandika barua, nikaipiga muhuri, nikaipeleka. Siku ya tatu yule mama alikuja ofisini, akaiweka barua mezani, akasema kwa upole, "Mwanangu, nimekuja kujibu barua yako. Ilinikuta natoka kuzika."

Alikuwa amefiwa na mtoto wake wa mwisho, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Mtoto aliharisha siku tatu. Jirani alimwambia asimpe maji, maana maji yatazidisha kuhara. Naye akamnyima maji kwa mapenzi. Alipomfikisha zahanati, macho ya mtoto yalikuwa yameshadidimia.

Amenipa ruhusa niwaambieni habari hii, ila jina lake nimeliacha. Barua ile ninayo mpaka leo. Jambo linalonichoma si kwamba nilifuata masharti. Jambo linalonichoma ni kwamba mama yule alifika kituoni kwetu mara mbili kila juma kwa muda wa miaka minne. Tulimfundisha kupima, kufunga mafungu na kutia sahihi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kwamba mtoto anayeharisha hupewa maji. Maarifa yale hayagharimu hata shilingi, na mlango wa kuyapitishia tulikuwa nao.

Sasa na tutazame maradhi haya yatoka wapi. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na aina nyingi za minyoo vina njia moja: kinyesi cha mtu mmoja kinaingia kinywani mwa mwingine. Hupitia katika maji, mikono, nzi na chakula. Huku kwetu pembezoni mwa mji, walio wengi hutumia vyoo vya shimo. Ardhi ya pwani ina maji karibu, na viwanja vyetu ni vidogo, kiasi kwamba kisima na choo hutazamana kama majirani wawili barazani. Wataalamu wataka kati yao uwepo umbali usiopungua mita 30. Ni wangapi kati yetu wamepima?

Tena iko desturi moja tunayoijua sote na hatuisemi. Mvua kubwa inaponyesha usiku, wako watu wanaotapisha vyoo vyao, wakiamini kwamba mafuriko yatachukua uchafu na kwenda zake. Ndugu zangu, uchafu ule hauendi mbali. Unashuka mabondeni, na mabondeni ndiko tuliko sisi na bustani zetu. Kitu alichofungulia jirani usiku ndicho tunachochota kwa ndoo asubuhi, tukakimwagia mchicha, na mchicha ule ukaenda sokoni, halafu ukarudi mezani kwa jirani yule yule. Kadhalika mkulima anayesimama bustanini pekupeku huwapa njia minyoo ya safura, maana hao huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, kisha huenda tumboni na kunyonya damu. Mtu hupungukiwa damu, akachoka saa nne za asubuhi, nasi tukamwita mvivu.

Katika mambo ya kufanya, la kwanza ni lile alilolikosa mama yetu. Mtu akiharisha, hatari kubwa ni kukaukiwa na maji na chumvi mwilini. Pakiti moja ya chumvichumvi iitwayo ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi, na mgonjwa hunyweshwa kidogo kidogo, hata akitapika. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, na chumvi nusu ya kijiko hicho. Usizidishe chumvi. Mtoto anyonyeshwe na alishwe kama kawaida, naye apelekwe zahanati, ambako hupewa pia vidonge vya zinki. Mtu mzima anayeharisha maji kama ya mchele asingoje mapambazuko. Apelekwe saa ile ile.

Msiidharau dawa hii kwa kuwa ni ya bei ndogo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikimbilia India, na kipindupindu kikaingia kambini. Huko Bangaon chupa za maji ya mishipani zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru maji yachanganywe na sukari na chumvi, na ndugu wa wagonjwa wenyewe wakayanywesha. Vifo vikapungua sana. Siri yake ni kwamba sukari na chumvi zikiingia pamoja, utumbo huzipokea, na maji huzifuata, hata kama utumbo huo unaugua.

La pili ni chakula chetu wenyewe. Wazee wetu, Wazaramo na Wandengereko wenyeji wa pwani hii, na wenzetu waliokuja kutoka bara, walijua kulitunza tumbo kabla ya kuja kwa maduka. Chukueni mfano wa togwa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, pamoja na wenzao wa Sweden, walichunguza uji uliochachushwa. Waliona kwamba uchachu wake huzuia vijidudu vingi vinavyoharisha visistawi, na kwamba watoto waliolishwa uji huo waliharisha mara chache kuliko wengine. Lakini uji lazima uive kwanza, na chombo kiwe safi. Togwa iliyozimuliwa kwa maji ya mfereji ni sumu. Mtoto aliye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Na chanjo ya kuhara inayotolewa kliniki tangu mwaka 2013 asiikose.

Hapo hapo nitasema jambo la aibu kidogo. Sisi ndio tunaoulisha mji mchicha, kisamvu, bamia na majani ya kunde. Lakini tukifika nyumbani tunakula sembe nyeupe na chai. Ndani ya tumbo la mwanadamu wamo vijidudu wema wanaoulinda utumbo, na chakula chao ni makapi ya mboga, kunde na dona. Mkulima auzaye mboga zote asibakize fungu la watoto wake, amewauzia watu afya ya nyumba yake.

La tatu ni bustani. Yafaa tumwagilie shinani na si juu ya majani. Yafaa tuache kumwagilia maji ya mto siku chache kabla ya kuvuna, ili jua liwaue vijidudu. Na mboga zisioshwe mferejini kwa kutafuta mng'ao, bali zioshwe kwa maji safi kituoni. Tufanye hivyo kwa ajili ya watu wanaotuamini. Tena tukumbuke kwamba siku wanunuzi watakapokataa mboga zetu mara ya pili, hapana mizani wala gari litakaloturudisha sokoni.

Najua wako wanaosema, "Katibu, chama hiki ni cha kuuza mboga, si zahanati." Nawaheshimu, kwa sababu wanalinda fedha za wanachama. Lakini nimezipitia tena daftari zetu za mahudhurio. Nilipowauliza wahusika sababu za kukosa siku za mavuno, jibu nililolisikia mara kwa mara, kwa sauti ya chini, lilikuwa lile lile: tumbo, au mtoto alikuwa anaharisha. Hasara hiyo hatukuiandika, lakini tuliibeba. Tena misingi saba ya ushirika, ilivyotangazwa mjini Manchester mwaka 1995, yataja elimu kwa wanachama na kuijali jamii. Mambo hayo yamo ndani ya kazi yetu.

Wala hatuanzi jambo geni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili katika nchi hii walikaa vikundi vikundi kuizunguka redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufunika visima. Hawakuwa matajiri kuliko sisi. Walikuwa na redio moja na nia moja. Sisi tuna vituo, tuna makatibu wa vyama vya msingi, na simu zimo mifukoni.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, natoa mapendekezo matatu, nikiomba yaingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao ili wanachama wayapigie kura. Kwanza, sehemu ya ziada ya mwaka huu ijenge choo bora, na mahali pa kunawa kwa maji na sabuni, katika kila kituo cha kukusanyia mboga, tukianza na vituo vya mabondeni. Pili, kila chama cha msingi kiwe na kikundi cha kujifunza afya, kikutane mara moja kwa mwezi pamoja na Bwana Afya au mhudumu wa afya wa mtaa, na kila kituo kiwe na akiba ya ORS isiyokosekana. Tatu, tujiwekee masharti ya maji ya bustani, na mwanachama atakayetapisha choo bondeni tumwite tumwonye, kama tunavyomwonya anayepunja mizani. Kwa maana mmoja hupunja kilo, na mwingine hupunja uhai.

Nami kwa upande wangu nimekwisha kubadili jambo moja. Mwanachama asipofika kituoni kwa juma zima, haandikiwi tena barua kwanza. Anatembelewa. Mjumbe wa kamati huenda nyumbani kwake, akabisha hodi, akauliza, "Hamjambo humu?" Barua, kama italazimu, itafuata baadaye.

Katika miaka kumi tumejifunza kuuza pamoja, kwa sababu mkulima mmoja mmoja alidhulumiwa na madalali. Maradhi haya nayo hutudhulumu mmoja mmoja, usiku, kila mtu nyumbani kwake, akiona haya kumwita jirani. Tuyakabili vile vile tulivyoikabili bei, yaani kwa pamoja na hadharani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa tumeshauona.

Yule mama bado ni mwanachama wetu. Mchicha wake ulikuwamo katika gari la alfajiri ya leo, na yeye mwenyewe yumo katika mkutano huu. Namwomba radhi tena mbele yenu nyote. Namwahidi kwamba, kwa uwezo wa Mungu na kwa kura zenu, mama mwingine akifika kituoni na mtoto anayeharisha mgongoni, atakuta maji safi, pakiti mezani, na mtu anayejua la kufanya.

Umoja ni nguvu.