Chupa Tupu za Berlin

Nimerudi salama kutoka likizo Ulaya. Paris nilipiga picha chini ya mnara wa Eiffel. Roma nilikunywa kahawa nimesimama, maana ukiketi bei hupanda. Ila kioja nilikiona Berlin.

Nilimaliza maji, nikatupa chupa ya plastiki pipani. Shemeji, mwenyeji wangu, akapiga kelele: "Umetupa senti 25 za yuro!" Kumbe Ujerumani, tangu 2003, ukinunua maji unaweka na fedha ya chupa, ukiirudisha dukani, mashine inaimeza na kukupa stakabadhi ya kurejeshewa. Basi likizo yangu ikawa ya kulinda chupa, mithili ya muuza soda na kreti zake.

Jioni moja bustanini akatokea mzee, koti safi, tai shingoni, anamulika pipa kwa tochi. Nikadhani kapoteza funguo. Akaokota chupa mbili, akazifuta. Shemeji akaninong'oneza nisimpe mkononi, nitamtahayarisha. Wenyewe huziweka chini, kando ya pipa. Nikaweka zangu sita, nikatazama pembeni.

Juzi kijana wa jirani, anayetaka kuuza shamba apate nauli ya huko, aliniuliza Ulaya kukoje. Nikamwonyesha picha za Paris.