Kigali si Mbali

Msikilizaji wa Tukuyu, michezo umeisikia: soka, soka, na soka tena. Lakini mwaka 2024 Kigali iliandaa mashindano mawili ya tenisi ya kulipwa ya wanaume, ngazi iitwayo Challenger, wiki mbili mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Kamil Majchrzak wa Poland akatwaa la kwanza, Marco Trungelliti wa Argentina la pili. Kwenye udongo mpira hupungua kasi na kudunda juu; mchezaji huufuata kwa kuteleza, kama sisi tunavyoteremka vilima vya Rungwe wakati wa masika, ila yeye huteleza kwa makusudi. Na hata kwa saa Kigali si mbali: saa nne ya huko kwetu ni saa tano. Nanyi watangazaji wenzangu, tuwape wasikilizaji tenisi japo dakika mbili.