Kazi haiko tu ku valve

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Cimpunda, komini ya Kadutu, Bukavu

Najua wengine mumepanda huu mulima na miguu, wengine mumeacha biashara ya mama kule sokoni Kadutu. Sitawachelewesha.

Tuanze na kile kila mutu hapa anakijua. Kijana anamaliza UOB, ISP, ISDR ao UCB. Anapiga fotokopi ya diplomi, anaandika barua, anafunga yote ndani ya bahasha, anashuka mpaka Ibanda, anaiacha kwa mlinzi wa ONG. Kila bahasha ni feza ya fotokopi na feza ya transpor. Kisha kila wiki anarudi kusoma valve. Siku moja anasikia ile nafasi ilishapewa mtoto wa shangazi ya mkubwa. Njo maana banasemaka Bukavu kazi ni kujuana.

Sitawadanganya: ni kweli, na intaneti haitamaliza undugu-undugu. Na haizalishi kazi pale kazi hakuna. Mwaka 2025 mumeona wenyewe: Januari Marekani ikasimamisha misaada yake, Februari vita ikaingia mujini, mabenki ikafunga milango. Watu waliokuwa na mikataba mizuri wako nyumbani leo, na wao pia wanatafuta. Kwa hiyo swali langu ni dogo: yule asiye na mjomba ku biro, atajulikana na nani, na kwa njia gani?

Wengi wenu muko na WhatsApp na Facebook. LinkedIn munaiona kama kitu ya watu wa kravati. Ilifunguliwa mwaka 2003 kule Marekani, Microsoft ikainunua mwaka 2016 kwa dola zaidi ya miliari 26, na leo iko na majina zaidi ya miliari moja. Mujiulize: kama mimi naingia bure, nani analipa? Sehemu kubwa inalipwa na makampuni yanayotafuta wafanyakazi. Wanalipa ili watafute ndani ya majina yetu. Ukielewa hiyo, umeelewa karibu yote. Kule ndani siye njo bidhaa ku meza, na mwenye kununua anapita na kusoma etiketi.

Sasa etiketi yako inasema nini? Mwenye kutafuta anaandika «agronome», anaongeza «Sud-Kivu», majina yanatoka. Kama chini ya jina lako umeandika «chercheur d'emploi», hakuna anayetafuta chercheur d'emploi. Na ile ya «PDG chez moi-même», tafadhali, tuachane nayo. Andika ufundi wako, mahali unapofanyia, na lugha zako. «Infirmière, santé communautaire, Bukavu. Français, swahili, mashi.» Imetosha.

Nitakaa kidogo ku hizo lugha, juu naona tunazidharau. Nimesoma CV nyingi za vijana wa hapa: Kifaransa kiko, Kiingereza «moyen» kiko hata kama ni «good morning» tu, lakini Mashi hakuna, Kihavu hakuna, Kirega hakuna. Kwa nini? Wakati wa Ebola kule Beni na Butembo, kati ya 2018 na 2020, shirika la Translators without Borders lilionyesha kwamba watu wengi hawakuelewa vizuri ujumbe ulioandikwa kwa Kifaransa ao Kiswahili sanifu. Walitaka lugha wanayosema nyumbani. Ujumbe usioeleweka unaweza kuua. Mutu anayeweza kumuuliza mama wa Walungu maswali magumu kwa Mashi bila kumuaibisha, huyo ana ufundi, na ufundi unaandikwa.

Vilevile kwa anketi. Karibu kila kijana msomi wa Cimpunda ameshafanya anketi siku tano, siku kumi, na simu ya kuazima yenye KoboCollect ndani. Akiulizwa amefanya kazi gani, anajibu: «Hapana, sijafanya kazi bado, nilifanya tu anketi.» Ndugu, ile njo kazi! Usiandike «enquêteur» peke yake ukaacha hapo. Andika ulihoji nyumba ngapi, siku ngapi, mu teritware gani, kwa lugha gani, na kama ulitumwa kusahihisha data ya wenzako. Namba inasema kuliko sifa. «Dynamique, motivé, rigoureux» kila mutu anaandika, hata mvivu. «Nyumba 120, siku 9, Kalehe» haiandikwi na mutu ambaye hakufika. Na kama ulihoji 40, andika 40. Chef wa ile timu yuko palepale ku LinkedIn, atasoma.

Tena ile salongo muliyofanya kusafisha mifereji kabla ya mvua: nani alitafuta majembe, nani alihesabu michango, nani aliongea na chef wa avenyu? Kuongoza vijana 30 bila kuwalipa, hiyo mameneja wengi hawaiwezi.

Tufike ku watu. Mwaka 1973 mwanasosiolojia wa Marekani, Mark Granovetter, alitoa andiko ambalo mpaka leo linasomwa. Aliuliza watu waliopata kazi kupitia mutu: huyo mutu munaonana mara ngapi? Wengi hawakutaja rafiki wa kila siku. Walitaja mutu wanayeonana mara moja moja. Ukifikiri, ni wazi. Rafiki yako wa hapa kartie anajua kile unachojua, valve munayosoma ni ileile. Yule muliyesoma naye akaenda Uvira ao Bunia anasikia habari ambazo haziwezi kupanda mpaka Cimpunda. Mwaka 2022 watafiti walitoa ndani ya gazeti la Science majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, miaka mitano, watu milioni 20, wakaona karibu kitu kilekile: wanaosaidia zaidi si wa karibu sana, na si wageni kabisa. (Wale milioni 20 hawakuambiwa kwamba wanajaribiwa. Mulikumbuke hilo pia munapobonyeza «nakubali».)

Kwa hiyo usikimbilie kuongeza wadirekta wa New York wasiokujua. Anza na supavaiza wa ile anketi, asistanti aliyesoma TFC yako, mwenzako wa staji, binti muliyeimba naye kwaya na sasa yuko Kigali. Na ukimuandikia, usianze na «Bonjour boss, nisaidie kazi». Mutu akiombwa kazi ambayo hana, anaona aibu, ananyamaza. Andika hivi: «Mama, nilikuwa ndani ya timu yenu ya Kalehe. Nataka kujifunza kazi ya data. Kama ni wewe, ungeanza na programu gani?» Swali moja, la kujibu mu dakika mbili. Akijibu, mshukuru, na kisha mwezi moja mwambie umefika wapi. Siku nafasi itatokea, jina lako litakuwa karibu ku ulimi wake.

Na musingoje kazi ili muanze kuonekana. Wewe uliyesoma ujenzi, unapita kila siku mbele ya kuta zinazoteremka na udongo hapa kwetu. Piga foto ya mfereji, andika mistari kumi: maji yanatoka wapi, yanapita wapi, nini kingefanywa na feza kidogo. Hiyo ni CV kuliko CV.

Sasa upande mwingine, na hapa naomba simu ziwekwe chini. Matangazo ya uongo yamejaa. Logo ya ONU juu, adresi ya Gmail chini, mshahara wa kushangaza, kisha: tuma dola 30 «feza ya dosie», ao «ya muganga». Umoja wa Mataifa hauombi feza hatua yoyote ya kuajiri. Anayekuombea feza kabla ya kukupa kazi, kazi yake njo wewe. Na musitume foto ya karta ya elektere kwa mutu musiyemjua. Hapa kwetu ile karta njo kitambulisho chetu, inafungulia mtu laini ya simu kwa jina lako.

Kisha siye tunaosema wazi mambo ya mji. Je, uandike ku profili kwamba uko ndani ya muvuma wa raia? Kuna atakayekuajiri kwa sababu hiyo, kuna atakayekukimbia, na kuna anayesoma kwa nia nyingine kabisa. Mawazo yangu: andika kazi uliyofanya, namba ya simu na avenyu unayolala viache inje. Jina la muvuma, kila mutu apime hali ya nyumbani kwake, na asiwepo wa kumuita mwoga. Lakini foto ya mkutano yenye sura za wenzako, hiyo si yako peke yako. Uliza kila mmoja kabla ya kuiweka. Mmoja akikataa, haiwekwi.

Wenye simu ndogo, wasio na mega, munajua courant ya SNEL inavyoenda na kurudi: hii kazi inaanzia ku karatasi. Tuchukue dakika 20. Mistari mitatu: ufundi wako, kitu kimoja ulichofanya na namba yake, lugha zako zote. Kisha mpe jirani yako asome, na kama haelewi unafanya nini, andika tena. Kalamu ziko pale kwa dada, ku meza.