Milimita Moja, Wiki Tatu: Tiba ya Kikombe cha Nyonga Kilichovunjika



Barabara ya Kisumu, Kakamega hadi Webuye tunaifahamu sote. Matatu ikigongana na lori, goti la abiria wa mbele hugonga dashibodi. Kishindo hupanda pajani, na kichwa cha mfupa wa paja huvunja ukuta wa nyuma wa kikombe cha nyonga na kuchomoka. Mguu huonekana mfupi, goti limegeukia ndani. Nyonga hiyo yafaa irudishwe mahali pake ndani ya saa 6, kwa dawa ya usingizi, kwani kichwa cha mfupa kikikosa damu hufa.

Zamani wagonjwa wengi walilazwa majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito. Mwaka 1964, madaktari wa upasuaji Robert Judet na Émile Letournel wa Paris waligawa mivunjiko hii katika aina 10 na kuonyesha njia ya kuifikia kila moja kwa kisu. Mwaka 1996, daktari Mmarekani Joel Matta alichapisha matokeo ya mivunjiko 262 iliyopasuliwa ndani ya wiki 3: asilimia 76 ya nyonga zilikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana. Vipande vilivyorudi vikaacha pengo lisilozidi milimita 1 ndivyo vilivyodumu vyema. Gegedu linalofunika kiungo likibaki na ngazi, kila hatua hulisaga.

Ukuta wa nyuma ukivunjika, daktari hupasua nyuma ya nyonga, huku goti likiwa limekunjwa ili neva kubwa ya mguu isivutike. Huosha chembe za mfupa, hupanga vipande, hukunja bamba la chuma lifuate umbo la mfupa, kisha hukaza skrubu akihakikisha hakuna iliyoingia ndani ya kiungo.

Baada ya wiki 3 mfupa huanza kuungana vibaya, na kazi hiyo huwa ngumu maradufu. Hapa kwetu Kakamega muda huo huliwa na mkandaji, na kusubiri kipimo cha CT, na harambee ya kununua vyuma.

Upasuaji ukifaulu, safari haijaisha. Mgonjwa hutembea kwa magongo bila kuukanyagia mguu kwa uzito wote kwa wiki 6 hadi 12, akipewa dawa ya kuzuia damu kuganda na mazoezi ya viungo. Wengine hupata baridi yabisi ya nyonga miaka kadhaa baadaye, wakahitaji nyonga ya bandia. Kwa hiyo kliniki isiachwe maumivu yakiisha.

Ndugu zangu, aliyeumia nyonga asikandwe wala kuvutwa mguu nyumbani. Apigwe eksirei siku hiyohiyo. Nanyi madaktari wa vituo vya chini, andikeni rufaa kabla wiki ya kwanza haijaisha.