Kijana Atafutaye Upande Wake



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya swali nililoulizwa na mpwa wangu, kijana wa miaka 20, kwa kuwa naamini swali hilo limo katika nyumba nyingi, hata kama halisemwi.

Alinijia baada ya sala ya magharibi, akaniamkia, akaketi, akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mjomba, mimi ni wa upande gani?" Nikafahamu kuwa anena habari za siasa. Babu yake na baba yake ni watu wa chama kimoja tangu zamani, na baba amemwambia kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Rafiki zake nao wamemwambia kuwa asiyefuatana nao ni mwoga. Yeye aona kuwa baba yake ana haki katika baadhi ya mambo, na rafiki zake wana haki katika mengine. Na kwa kulisema hilo waziwazi, amekuwa siku tatu hajala sinia moja na baba yake.

Sikumjibu usiku ule. Nalimwomba anipe siku chache, na jibu langu ndilo hili mtakalolisikia. Sikumchagulia chama, wala sitawachagulia ninyi. Nitawasimulia habari za kijana mwingine aliyeulizwa na moyo wake swali lilo hilo. Dunia nzima yamjua, lakini watu humtazama zaidi katika uzee wake, wakausahau ujana wake. Kijana huyo ni Nelson Mandela wa Afrika ya Kusini.

Alizaliwa tarehe 18 Julai, 1918, katika kijiji cha Mvezo, nchi ya Transkei, naye ni wa ukoo wa watawala wa Wathembu. Alipofiwa na baba yake alilelewa na Jongintaba, aliyekuwa akishika utawala wa Wathembu, katika makao yake ya Mqhekezweni. Huko mtoto yule alikuwa akikaa kimya na kutazama mashauri ya wazee. Aliona kuwa kila mtu aliyetaka kusema alisema, mkubwa na mdogo, na mtawala mwenyewe alisikiliza mpaka mwisho, hata alipolaumiwa. Mafunzo haya hayakumtoka maisha yake yote. Basi yatupasa kukiri kwamba hazina yake ya kwanza aliipata kwa wazee.

Walakini wazee hao walikwisha kumpangia maisha. Alikuwa awe mshauri wa mfalme wa Wathembu, kama baba yake, na ndiyo maana alipelekwa kusoma. Katika mwaka 1939 aliingia chuo cha Fort Hare. Mwaka uliofuata ulizuka mgogoro wa wanafunzi juu ya chakula na juu ya madaraka ya baraza lao. Wengi wao walikataa kupiga kura. Mandela alichaguliwa na wachache, akajiuzulu, kwa kuwa aliona hana haki ya kuwasemea watu ambao hawakumchagua. Akaambiwa kuwa hataruhusiwa kurudi ila akikubali kukaa katika baraza lile. Hakukubali, akapoteza chuo. Hakuwa na chama siku zile, wala hakujiita mwanasiasa. Alijua neno moja tu ambalo hakuweza kulitenda akabaki na amani ya nafsi yake.

Mwaka 1941 mlezi wake alitaka kumwoza mke asiyemchagua mwenyewe, naye akatorokea Johannesburg. Mjini alikutana na watu wa makabila yote, wakilipwa ujira mdogo na kubanwa kwa sheria za pasi. Mwezi wa Agosti, 1943, nauli ya basi kutoka Alexandra iliongezwa senti moja ya Kiingereza, kutoka nne kuwa tano. Maelfu ya watu walikataa kupanda, wakaenda kazini kwa miguu, na Mandela akafuatana nao. Siku tisa mabasi yalikwenda matupu, hata nauli ikarudishwa kama ilivyokuwa. Kabla ya hapo alikuwa mtazamaji, na katika njia ile akawa mtendaji. Tena, katika umati ule hapakuulizwa nani ni Mthembu na nani ni Mzulu.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 25, alishirikiana na Walter Sisulu, Oliver Tambo, Anton Lembede na wenzao kuunda Umoja wa Vijana wa African National Congress. Lembede alifundisha kuwa Mwafrika hana budi kujitegemea na kujivunia asili yake. Maneno hayo yalimwingia sana Mandela. Akaona kuwa Waafrika wasishirikiane na Wakomunisti wala na Wahindi, kwa kuogopa kwamba watu wenye elimu na fedha zaidi wangewatawala ndani ya harakati yao wenyewe. Msimcheke kwa hofu hiyo. Mtu aliyetawaliwa kila siku hana lawama akiogopa mtawala mwingine.

Sasa tazameni jinsi alivyobadilika. Hakubadilika kwa kuahidiwa cheo. Katika chuo kikuu cha Witwatersrand alikuwa na rafiki Wahindi, Ismail Meer na J. N. Singh. Mwaka 1946 serikali ilipotoa sheria ya kuwabana Wahindi katika mambo ya ardhi na makazi, aliwaona rafiki zake wakiacha masomo yao, na watu wapatao 2,000 wakaingia gerezani kwa hiari. Alikuwa amewadhania kuwa ni watu wa maneno, akaona vitendo. Hata hivyo moyo wake haukugeuka siku moja. Tarehe 1 Mei, 1950, Wakomunisti na wenzao walipoita watu wasiende kazini, Mandela alipinga wito huo. Lakini watu wengi waliufuata, na jioni polisi wakaua watu 18. Haukupita muda, tarehe 26 Juni, vyama vilivyokuwa vikitiliana shaka vilifanya siku moja ya maombolezo na upinzani, naye akaifanyia kazi. Mwaka 1952 ndiye aliyekuwa mkuu wa watu waliojitolea kuvunja sheria za ubaguzi bila ya kupigana, na naibu wake alikuwa Mhindi, Maulvi Cachalia.

Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, alifika Mbeya kwa siri, akiwa njiani kwenda kuomba msaada wa nchi za Afrika. Katika hoteli aliyofikia aliwaona weusi na weupe wamekaa barazani wakizungumza kwa heshima. Jambo dogo kwa wenyeji. Kwake lilikuwa kubwa, maana aliona kwa macho yale aliyokuwa akiyaamini kwa moyo. Na mwaka 1964, akikabiliwa na hukumu ya kifo, alitamka mahakamani kuwa amepinga utawala wa weupe juu ya weusi, na pia utawala wa weusi juu ya weupe. Kijana wa 1944 asingaliweza kusema vile.

Mpwa wangu, nawe kijana mwingine unisikiaye, nini twalipata katika habari hizi? Kwanza, kupokea mema ya wazee si kufungwa na kila neno lao. Pili, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Basi usimpime mtu kwa wimbo wake, mpime kwa lile alilo tayari kulipoteza. Tatu, kubadili rai si aibu, maadamu umebadilishwa na hoja na vitendo ulivyoviona. Aibu ni kubadilika kwa ajili ya mlo, au kukataa kubadilika kwa ajili ya kiburi.

Nami sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Nilipokuwa na umri wako, nalikuwa na hakika na kila jambo. Jirani yetu alikuwa wa chama kingine. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na ndiye aliyekuwa akinipa embe za shambani mwake. Nalimzomea mbele ya watu kwa sababu ya bendera aliyoitundika mlangoni. Alipofariki, sikwenda mazikoni. Chama nilichomzomea kwa ajili yake leo sina habari nacho, lakini kila nipitapo mbele ya mlango ule huinamisha kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, usifanye haraka kuutafuta upande wako. Utaujua katika jambo ambalo hutaweza kulitenda, na katika njia utakayokubali kuiendea kwa miguu. Usiku wa leo lakini usichelewe jambo moja. Nenda ukale na baba yako. Msikilize mpaka mwisho, kisha umwombe naye akusikilize. Na wewe, shemeji, kama wanisikia, msogezee mwanao sinia.