Barabara Itokayo Jangwani Hata Mlimani



Katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, iko barabara kuu nambari 17. Yaanza Phoenix, mji wa jangwani wenye joto kali, na kukoma Flagstaff, mji wa milimani ambako theluji huanguka. Urefu wake ni karibu maili 145, na katika safari hiyo gari hupanda kutoka futi 1,100 hata kufikia futi 7,000.

Zamani njia ya lami ilizunguka upande wa magharibi, kupitia Wickenburg na Prescott. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya barabara kuu, na Serikali ya Marekani ikakubali kulipa sehemu 90 katika kila 100 za gharama. Ndipo njia fupi ya Black Canyon ilipotengenezwa kuwa barabara pana. Ilimalizika mwaka 1978.

Lakini mlima haukuondoka. Kwenye mwinuko wa Sunset Point maji ya injini huchemka, na ajali moja yaweza kuwazuia wasafiri wengi juani, pamoja na watoto wao. Kwa hiyo mwaka 2022 ilianza kazi ya kuipanua, pamoja na kujenga njia mbili za maili 8 ziwezazo kugeuzwa, zielekee mlimani au mjini, kadiri ya wingi wa magari.

Barabara njema humsaidia msafiri, lakini haimwondolei wajibu. Dereva mwenye busara hutazama maji, breki na magurudumu kabla ya kuanza kupanda.