Kuni za Tanuru Nazo ni Gharama
Maelezo ya Mweka Hazina kwenye Mkutano Mkuu wa Mwaka



Mwaka huu tunachangia bweni la wasichana. Nimeombwa nizungumzie fedha, nami nitaanza na kitu ambacho hakimo kwenye makisio: kuni. Tofali za kuchoma tunaziona nafuu kwa sababu kuni huletwa na wananchi kama nguvu kazi, na kwenye vitabu zinaandikwa sifuri. Sifuri hiyo si ya kweli. Tanuru hula miti iliyochukua miaka kukua, na kaboni iliyohifadhiwa humo hupanda angani kwa siku chache.

Wapo wanaosema basi tutumie tofali za saruji. Saruji nayo ina deni lake. Mawe ya chokaa yanapochomwa kiwandani hutoa hewa ya ukaa yenyewe, mbali na moshi wa tanuri. Saruji huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo duniani.

Kamati inapendekeza mambo matatu:

Kwanza, tumalizie lile boma lililoishia kwenye linta pale shuleni, fundi akishathibitisha msingi wake. Ukuta uliokwishasimama hauhitaji tofali jipya.

Pili, kuta za nyongeza zijengwe kwa tofali za kufungamana, zinazohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Hufyatuliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10. Hazichomwi, na kwa kuwa hushikana zenyewe, saruji ya kuunganishia hupungua sana.

Tatu, zege libaki panapolazimu: msingi, linta na sakafu.

Tahadhari ipo. Udongo upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hupasuka. Tofali zikae kivulini zikimwagiliwa angalau siku 7, na zisijengewe kabla ya siku 28.

Kwa hiyo naomba michango ya kwanza inunue mashine na kulipia upimaji wa udongo. Mashine itabaki nyumbani, vijana wetu watapata kazi, na zahanati ikifuata tutakuwa tayari. Na kuanzia sasa, kila makisio yaonyeshe kuni kwa bei ya sokoni, hata zikitolewa bure.

Naomba kuwasilisha.